Tume ikija Lamu, wakili wetu atalipwa na nani? Njia tano kwa mizani moja

Barua hufika kwanza kwa chifu. Kisha hubandikwa mlangoni mwa ofisi, kisha husomwa baada ya swala ya Ijumaa: kutakuwa na kikao cha hadhara, wananchi wahudhurie watoe maoni yao. Siku mbili tatu watu huzungumza ardhi, bahari na mikoko mpaka usiku. Halafu mtu mmoja barazani huuliza swali ambalo wenzake walikuwa wamelimeza: wakili atalipwa na nani? Hapo baraza lote hunyamaza.

Nimekaa kwenye ukimya huo zaidi ya mara moja, Amu mjini na upande wa bara kule Hindi, nikiwa mwandishi wa kamati, yule ashikaye daftari la michango. Nimeona watu wenye hoja nzito wakiingia kikaoni mikono mitupu, na mbele yao kampuni imepanga mawakili na maboksi ya karatasi. Kwa hiyo naandika kwa yeyote aliyekwama hapo. Sitasema njia moja ndiyo bora kwa wote, kwa sababu jibu la mvuvi wa Faza si jibu la mwenye shamba Mpeketoni, wala si jibu la familia iliyopoteza mtu Shakahola.

Kikao cha uchunguzi si kesi

Mkanganyiko mwingi huanzia hapa. Mahakamani, kanuni ya kawaida ya Kenya, iliyo katika kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, ni kwamba gharama hufuata matokeo: aliyeshindwa humlipa aliyeshinda, isipokuwa jaji aone sababu ya kuamua vingine. Katika kesi za maslahi ya umma mara nyingi kila upande huachiwa mzigo wake. Kwenye uchunguzi wa hadhara hakuna mshindi wala mshindwa. Tume husikiliza, huandika ripoti, huondoka. Hakuna wa kukurudishia hata nauli, ila kama sheria iliyoiunda tume hiyo inasema hivyo, au kama mtu alipanga mapema.

Na uchunguzi wenyewe hutujia kwa sura nyingi. Kuna tume anayoiteua Rais chini ya Sheria ya Tume za Uchunguzi, Sura ya 102, iliyotungwa 1962. Kuna kikao cha NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kuhusu ripoti ya athari za mradi kwa mazingira. Kuna uchunguzi wa Tume ya Kitaifa ya Ardhi (NLC) kuhusu fidia, serikali inapotwaa mashamba kwa lazima chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012. Kuna kamati za Bunge na Seneti. Swali la kwanza kumwuliza aliyeleta barua ni hili: kikao hiki kimeitishwa kwa sheria gani? Jibu lake ndilo litakalowaonyesha kama kuna mfuko wa kuombea au hakuna.

Mizani yenyewe

Kila njia nimeipima kwa maswali matano. Wakili anapokea maagizo kutoka kwa nani? Pesa inafika kabla ya kikao au baada yake? Nani anastahili kuipata? Inalipia nini zaidi ya ada ya wakili? Na ikikatika katikati, itakuwaje?

Swali la nne nataka nilieleze, kwa maana ndilo linalosahaulika. Mtu wa Kizingitini akiitwa kutoa ushahidi Malindi hupanda mashua hadi Amu, huvuka hadi Mokowe, hupanda basi zaidi ya kilomita 200 kupitia Witu na Garsen, na hawezi kurudi siku hiyo hiyo. Hulala, hula, na nyumbani siku mbili tatu hakuna kilichovuliwa. Wakienda kumi, zidisha kwa kumi. Ongeza nakala za ripoti yenye mamia ya kurasa za Kiingereza, mtu wa kuwafafanulia kwa Kiswahili, na mtaalamu wa samaki au wa hewa atakayejibu wataalamu wa kampuni. Ada ya wakili ndiyo inayotajwa barazani, lakini nauli ndizo zinazomaliza watu.

Njia ya kwanza: serikali ilipe

*Maagizo.* Ikipangwa vizuri, serikali hutoa pesa bila kumwamuru wakili. Mfano ninaouheshimu zaidi ni wa Kanada. Mwaka 1974 Jaji Thomas Berger aliteuliwa kuchunguza mpango wa kupitisha bomba la gesi katika bonde la mto Mackenzie, kaskazini kabisa, ambako wenyeji waliishi kwa kuwinda na kuvua. Alisimama kidete kwamba wenyeji hao na watetezi wa mazingira wapewe fedha za serikali wajiandae kama kampuni zilivyojiandaa. Masharti yake yalikuwa wazi: kundi lioneshe kuwa jambo linaligusa, lioneshe kuwa halina uwezo wa kutosha, lieleze pesa zitatumikaje, na mwisho litoe hesabu. Mawakili walibaki wa kundi. Zaidi ya hayo, Berger alikwenda vijijini mwenyewe, watu wakamsimulia kwa lugha zao, bila kubanwa na mawakili kama mahakamani. Ripoti yake ya 1977 ilisema bomba lisipite kabisa kaskazini mwa Yukon, na kwenye bonde lenyewe lisubiri miaka 10 mpaka madai ya ardhi ya wenyeji yatatuliwe.

*Pesa inafika lini.* Kwa Berger ilifika kabla, na hilo ndilo lililoipa maana. Uingereza utaratibu ni mwingine. Sheria yao ya Uchunguzi ya 2005, kifungu cha 40, inampa mwenyekiti mamlaka ya kuamuru shahidi au mhusika alipwe gharama za wakili kutoka fedha za umma, kwa masharti ambayo waziri anaweza kuyaweka. Mhusika huomba, mwenyekiti hupima. Sheria hiyo hiyo humtaka aepuke matumizi yasiyo ya lazima, na sababu inaeleweka: uchunguzi wa mauaji ya Bloody Sunday, Ireland Kaskazini, ya 1972, ulioanza 1998 ukatoa ripoti 2010, ulitumia zaidi ya pauni milioni 190, sehemu kubwa ikienda kwa mawakili. Serikali inayolipa bila kikomo hutafuta sababu ya kutoita uchunguzi mwingine.

*Nani anastahili Kenya.* Hapa lazima tuseme kweli. Sheria yetu ya Tume za Uchunguzi humpa anayeguswa na uchunguzi haki ya kuwa na wakili. Kuwa na haki ya wakili si kuahidiwa kulipiwa wakili. Gharama za tume yenyewe, makamishna, ofisi, magari, hutoka hazina. Za kwako ni zako. Kwenye Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, taarifa zaidi ya 40,000 zilikusanywa kutoka kwa wananchi, na walio wengi walisimulia wenyewe tu.

Mlango uliopo ni Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Inamhusu raia asiye na uwezo, na mambo ya maslahi ya umma yamo. Ila kuna tundu ambalo makundi yetu mengi hutumbukia: sheria hiyo haitoi msaada kwa kampuni, taasisi wala shirika. Mkiomba kwa jina la chama cha wavuvi mtakataliwa kabla maombi hayajasomwa vizuri. Ombeni kwa majina ya watu, mmoja mmoja, kila mtu na kitambulisho chake na maelezo ya kipato chake.

*Zaidi ya ada.* Uliza kwa maandishi. Nauli ya shahidi aliyeitwa rasmi ni rahisi zaidi kupatikana kuliko ada ya wakili wake.

*Ikikatika.* Mei 2023 Rais William Ruto aliteua tume, ikiongozwa na Jaji Jessie Lesiit, kuchunguza vifo vya msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mahakama Kuu iliisimamisha mwezi huo huo. Sisemi mahakama ilikosea. Nasema mtu aliyeweka matumaini yake yote kwenye tume hiyo alibaki mkono mtupu, akahitaji kuanza upya mbele ya kamati ya Seneti na mahakama za jinai.

*Inawafaa* waathiriwa na familia za marehemu, watu ambao serikali yenyewe ina deni nao la ukweli. Haiwafai walio na kikao wiki mbili zijazo.

Njia ya pili: mwenye mradi alipe

*Maagizo.* Ukisema jambo hili barazani, watu hupandisha sauti. Nilishamsikia bibi mmoja wa Matondoni, mfumaji mikeka, akimjibu kijana aliyelipendekeza: "Mwanangu, mwamba ngoma huvutia kwake." Kijana akasema, "Kweli, bibi, lakini wao ndio waliotuletea shughuli hii. Kwa nini sisi tuuze kuku?" Wote wawili walikuwa na haki, na ndiyo maana njia hii nimeipa nafasi sawa na nyingine.

Jimbo la Ontario, Kanada, liliifanya kuwa sheria mwaka 1988. Kwenye vikao vya nishati na mazingira, jopo maalumu liliamua ni makundi gani ya wananchi yanastahili na kiasi gani, kisha likamwamuru mwenye mradi alipe kabla kikao hakijaanza. Kampuni haikuchagua wakili wala haikujua anaelekezwa nini. Sheria hiyo iliachwa ikaisha muda wake mwaka 1996, lakini kwa miaka iliyodumu ilionyesha kuwa jambo hili linawezekana bila watu kununuliwa, mradi katikati ya mlipaji na mlipiwa kuwe na mtu wa tatu.

*Nani anastahili kwetu.* Sheria ya Kenya humbebesha mwenye mradi baadhi ya gharama. Kanuni za 2003 za tathmini ya mazingira humtaka alipie matangazo ya kuwaalika wananchi, gazetini na redioni. Hazisemi alipie wakili wa wananchi. Kwa hiyo hapa kila kitu ni mapatano, na mapatano kati ya kampuni na kijiji hayana usawa tangu mwanzo.

*Pesa na hatari zake.* Pesa inaweza kufika haraka kuliko njia zote. Hatari ni mbili. Ya kwanza ni wakili kujua chakula chake kinatoka wapi. Ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni fununu. Hata kama wakili ni mwaminifu kama mchana, mkivuka kwenda kikaoni kwa pesa za kampuni, nusu ya mtaa watasema mmeshahongwa, na mkirudi na matokeo yoyote hayatapokewa. Mji mdogo haufichi kitu.

Kama mnaichukua, basi: pesa zote ziwekwe mapema kwa mtu wa tatu anayeaminiwa na pande zote, barua ya kumwajiri wakili iwataje nyinyi, kwa majina, kuwa ndio wateja wake, na kusiwe na kifungu kinachoruhusu kampuni kusimamisha malipo isipopendezwa na hoja zenu. Hayo yote yasomwe mbele ya watu, kwa Kiswahili, na kila mtu mwenye swali aulize.

*Inawafaa* wenye mashamba wanaojadili kiwango cha fidia na mradi ambao hawaupingi. Anayeupinga mradi wenyewe asiiguse.

Njia ya tatu: mfuko wetu wenyewe

*Maagizo.* Hakuna njia inayowapa wenyewe nguvu kama hii. Wakili ni wenu, mnamwita, mnamwuliza, mnambadilisha. Moyo wangu uko hapa, na kwa sababu hiyo nitaisema kwa ukali.

*Pesa inafika lini.* Inafuata msimu. Kaskazi wavuvi wana kitu. Kusi ikivuma, bahari imechafuka na mashua ziko juu mchangani, hakuna. Kamati yetu ilipanga michango wakati wa kaskazi, kila chombo kwa wiki, na akina mama wakaongeza kutoka kwenye mikeka na mahamri. Tulipata malipo ya kwanza ya wakili, tukafurahi. Kikao kikaahirishwa. Kikapangwa tena, tukasafiri, kikaahirishwa tukiwa tumeshafika. Mara ya tatu ilikuwa kusi. Tulikwenda watu watatu. Hakuna aliyeiba hata shilingi moja, daftari ninalo mpaka leo na hesabu zake zinalingana. Pesa ziliishia kwenye mashua na mabasi. Wakili alikuwa tayari siku ile, lakini mashahidi wetu walibaki nyumbani, na tume haiwezi kuandika maneno ya mtu ambaye haikumwona.

*Nani anastahili.* Yeyote, hata kundi lisilosajiliwa. Lakini jihadharini na ahadi moja tamu: wakili anayesema, "Msinilipe kitu, tukishinda nitachukua sehemu yangu." Sheria ya Mawakili ya Kenya, kifungu cha 46, haiyatambui mapatano ya kulipwa pale tu shauri linapofaulu. Na kwenye uchunguzi hakuna hata cha kushinda. Mapatano ya ada yaandikwe, yatiwe sahihi, na yaseme wazi yanahusu hatua zipi: kuandika maoni tu, kusimama kikaoni siku ngapi, au mpaka rufaa.

*Zaidi ya ada.* Mkiwa na pesa kidogo, ushauri wangu ni mgawanye kabla ya kumwona wakili. Tengeni kwanza fungu la safari za mashahidi kwa vikao vitatu, si kimoja. Fungu la pili ni mtaalamu. Kinachobaki ndicho cha wakili, na mwambieni hivyo. Wapo wanaokubali kuandika hoja tu, na nyinyi mkazisema wenyewe.

*Ikikatika.* Itakatika. Pangeni mkijua hivyo.

*Inawafaa* watu wachache wenye jambo fupi na kipato kinachojulikana. Mradi wa miaka mingi utawamaliza.

Njia ya nne: mashirika na mawakili wa kujitolea

*Pesa na muda.* Kwa mambo makubwa ya Lamu, hii ndiyo njia iliyofika mbali. Angalia mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi. NEMA iliipa kampuni ya mradi, Amu Power, leseni mwaka 2016. Save Lamu, muungano wa makundi ya jamii ya Lamu, na wenzao wakakata rufaa kwa jopo la kitaifa la mazingira, NET. Tarehe 26 Juni 2019 jopo hilo lilifuta leseni, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Kampuni ikapeleka rufaa Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi, na Oktoba 2025 mahakama ikaafiki uamuzi ule. Hesabu: miaka tisa. Hakuna mchango wa chombo kwa wiki unaovumilia miaka tisa. Wavuvi waliofungua shauri la bandari ya Lamu mwaka 2012, linalojulikana kwa jina la Mohamed Ali Baadi, walisubiri mpaka 2018 ndipo Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Kumbukeni pia kwamba rufaa kwa NET dhidi ya leseni ina muda wa siku 60. Shirika lenye wakili tayari huwahi. Kamati inayoanza kuchangisha siku ya 40 haiwahi.

*Maagizo.* Wakili wa kujitolea hatozi pesa, lakini shirika linalomtuma lina malengo yake, na lina wafadhili wake. Mara nyingi malengo hayo na yenu ni kitu kimoja. Siku yasipokuwa kitu kimoja ndipo shida. Shirika linataka mradi ufutwe kabisa. Nyinyi mnataka njia ya kupitisha mashua zenu, na shule irekebishwe. Au shirika linataka hukumu itakayosomwa nchi nzima, nyinyi mnataka kumaliza kwa mapatano mwezi huu. Swali la kuuliza siku ya kwanza, kwa adabu lakini bila kuzunguka: tukifika njia panda, neno la mwisho ni la nani?

*Nani anastahili.* Jambo lenye uzito kwa wengi. Mpaka wa shamba lako na jirani hautamvuta mtu kutoka Nairobi.

*Zaidi ya ada.* Hapa ndipo njia hii inapoizidi ya tatu. Mashirika hujua kumpata mtaalamu wa bahari au wa hewa, na mara nyingi hulipia safari za mashahidi. Lakini ruzuku huwa na bajeti ya mwaka, na mwaka ukigeuka mhusika mliyemzoea huenda amehamia kazi nyingine.

*Inawafaa* jamii nzima inayokabili mradi mkubwa, yenye kamati imara ya kumwongoza mgeni.

Njia ya tano: bila wakili

Hii sitaikalia sana, ingawa ndiyo wengi wetu tunayopitia. Maagizo ni yako, gharama ni nauli. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa kifungu cha 7 cha Katiba, kwa hiyo asikuambie mtu useme Kiingereza au unyamaze. Wasaidizi wa kisheria waliothibitishwa wanatambuliwa na ile Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na mmoja mzuri anaweza kukusaidia kupanga maelezo yako yakaeleweka. Nahodha anayeeleza mkondo wa Mkanda ulivyokuwa na ulivyo sasa, kwa majina ya miamba na miezi ya pepo, hutoa ushahidi ambao wakili hawezi kuutoa.

Udhaifu wa njia hii ni pale shahidi anapoanza kuhojiwa na upande wa pili, au pale hati zinapohitaji kujibiwa kwa hoja za sheria. Na haimfai hata kidogo mtu anayetuhumiwa.

Kwa hali yako

Kama wewe ndiwe unayenyooshewa kidole na tume, afisa, mkandarasi au mzee wa kamati, tafuta wakili wako mwenyewe hata kama ni kuuza kitu. Usimshiriki na kundi. Siku maslahi yenu yatakapopishana, wakili huyo atalazimika kuwaacha wote.

Kama serikali inatwaa shamba lako na NLC imetangaza uchunguzi wa fidia, ugomvi wako ni wa tarakimu. Kanuni za 2017 husema thamani ya soko iongezwe asilimia 15 kwa usumbufu, kwa hiyo kila shilingi ya thamani ina uzito wake. Mlipeni mthamini kwanza, majirani kwa pamoja, wakili baadaye kama hamkukubaliana.

Kama ni mradi utakaogusa bahari na mikoko ya vijiji vingi, tafuteni shirika, lakini msiache kuwa na mfuko mdogo wenu wa nauli. Mfuko huo ndio utakaowawezesha kusema hapana kwa shirika siku ikibidi.

Kama mmefiwa na serikali imeunda tume, dai la fedha za umma litolewe mapema na kwa sauti. Familia nyingine nazo ziandike. Maombi ya msaada wa kisheria yaende sambamba, kwa majina ya watu.

Kama kampuni imekuja na ahadi ya kuwalipia, msikatae wala kukubali siku hiyo. Ombeni ahadi hiyo kwa maandishi, muisome baraza zima, na mpime kwa yale masharti matatu ya njia ya pili.

Na kama kikao ni wiki mbili zijazo na hamna kitu, chagueni watu wanne wanaojua jambo kwa macho yao, gawaneni mada wasirudie maneno, tafuteni wakili au msaidizi wa kuwaandikia kurasa mbili tatu za hoja. Leo hii peleka barua kwa katibu wa kikao, ukiuliza mambo matatu: kikao kimeitishwa kwa sheria gani, je kuna fedha za kulipia mashahidi au mawakili wa wananchi, na je muda wa kuwasilisha maoni unaweza kuongezwa. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe, ibaki kwenye daftari la kamati.